FAHARI NA KIBURI: JE, YAFAA KIONGOZI KUWATIA WATU FAHARI?

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya wanachama, Buigiri



Halmashauri ya Chama imetuamuru tuseme maneno machache jioni hii juu ya swali lililowagawa wanachama katika mkutano uliopita. Twaishika amri hiyo kwa heshima, ijapokuwa twajua kwamba miongoni mwenu wamo waliotupita kwa elimu na kwa umri. Swali lenyewe ni hili: Je, yafaa kiongozi kuifanya kazi ya kuwatia watu wake fahari kuwa ni shabaha yake, ama kazi hiyo ni mchezo na kupoteza mali?

Mtakumbuka jinsi swali lilivyozuka. Katika sanduku la Chama mna akiba ndogo. Wengine walitaka itumike kushona sare na kununua ngoma na bendera, ili wanachama wapite mbele ya wageni kwa mwendo wa kupendeza siku ya sikukuu ya Uhuru. Wengine wakasema la. Hapa hapa Buigiri ipo shule ya watoto wasioona, iliyoanzishwa mwaka 1950, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna yake katika nchi hii. Heri akiba hiyo inunue karatasi nene za maandishi ya nukta, watoto wapate kusoma kwa vidole vyao. Maneno yakawa makali, hata ndugu wawili waliozoea kula sahani moja wakatoka bila kuagana. Jambo linaloweza kuwatenga marafiki hivyo si jambo dogo, nalo lastahili kupimwa kwa utulivu.

Na tuanze na neno lenyewe. Katika lugha yetu fahari na fahali yametengwa kwa herufi moja tu, na katika vinywa vya wengi hayatengwi kabisa. Sisi tukaao Ugogo twamjua fahali. Asimamapo mlangoni pa zizi asubuhi, nundu imejaa na ngozi yang'aa, mwenye zizi hujiona mtu mbele ya jirani zake. Lakini mama wa nyumba hamkamui fahali. Maziwa ya watoto yatoka kwa ng'ombe jike, ambaye hapana mgeni amsifuye. Kwa hiyo mwenye haraka atasema, fahali ni wa kazi gani? Naye mchungaji atamjibu kwamba pasipo fahali hapana ndama, na pasipo ndama hapana maziwa. Haya yote mawili ni kweli, nasi twaomba myaweke moyoni mpaka mwisho wa mazungumzo haya.

Swali letu si geni katika nchi hii. Viongozi wakuu wenyewe wamelipima kwa fedha za Hazina. Mwaka 2015 Rais John Magufuli, alipokuwa amekwisha kushika madaraka kwa muda mfupi tu, alifuta sherehe za tarehe 9 Desemba akawaagiza watu washike fagio na majembe kusafisha miji, kwa kuwa kipindupindu kilikuwa kikiua watu. Shilingi bilioni 4 zilizowekwa kwa sherehe zikapelekwa kupanua barabara ya Morocco hata Mwenge katika Dar es Salaam. Mwaka 2018 sherehe zikafutwa tena, na takriban shilingi milioni 995 zikaagizwa zijenge hospitali. Hospitali hiyo hatuna haja ya kuwaelekeza iliko. I katika wilaya yetu ya Chamwino, na jina lake ni Hospitali ya Uhuru. Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan naye akazifuta sherehe, na takriban shilingi milioni 960 zikaelekezwa kwenye mabweni 8 ya watoto wenye mahitaji maalumu.

Wale waliotetea karatasi za nukta watasema, basi kesi imekwisha. Viongozi wamechagua hospitali na mabweni, wameacha gwaride. Sisi twaona kesi haikwisha. Mbona hospitali ile haikuitwa kwa jina la kijiji tu, bali ikaitwa Uhuru? Kwa sababu yule aliyeijenga alitaka kila mgonjwa apitaye mlangoni akumbuke kwamba nchi ni yake. Fahari haikufutwa. Ilihamishwa kutoka uwanjani ikatiwa katika kuta na vitanda. Jambo hilo latufundisha kwamba swali si kuwa na fahari ama kutokuwa nayo. Swali ni fahari gani, na juu ya jambo gani.

Sasa na tutazame kazi njema ambayo fahari imekwisha kuifanya kwetu. Mwaka 1922 katika mji wa Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha watumishi wa Serikali Waafrika. Watu wale walikuwa makarani kama sisi. Mshahara wao ulikuwa mdogo, na mbele ya bwana mkubwa walisimama huku wenzao wa rangi nyingine wameketi. Walikuwa Waislamu na Wakristo, watu wa pwani na watu wa bara, na kila mmoja alifundishwa na ulimwengu kujiona duni. Hawakuwa na bunduki wala fedha. Walikuwa na mahali pa kukutana na kusoma, na imani kwamba mtu aandikaye barua safi na kutunza hesabu bila kasoro hapungukiwi kitu mbele ya mtu yeyote. Mwaka 1929 kikafuata Chama cha Waafrika, na mwaka 1954 kikazaliwa TANU. Hatusemi kwamba Uhuru ulitoka katika chumba kile cha Tanga peke yake. Lakini mtu asiyejiheshimu hadai haki, kwa kuwa hajui kwamba amenyimwa.

Kadhalika mwaka 1959, katika Baraza la Kutunga Sheria, Julius Nyerere alisema kwamba watu wa Tanganyika wangependa kuwasha taa na kuiweka juu ya Kilimanjaro, iwamulikie hata walio nje ya mipaka, wapate tumaini na heshima. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda, afisa wa jeshi, akaupandisha Mwenge juu ya mlima ule. Mwenge haukumpikia mtu chakula. Lakini kwa tendo lile watu wa makabila zaidi ya 100 walitazama upande mmoja kwa pamoja, na nchi ambayo watu wake hutazama upande mmoja huepuka misiba mingi iliyowapata wengine.

Mfano wa tatu watoka hapa nyumbani. Wazee wetu waliacha habari za njaa ya Mtunya, iliyoikumba Ugogo tangu mwaka 1918 hata 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamepita yakichukua ng'ombe na nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Kisha mvua ikakataa, na watu wakafa kwa maelfu. Njaa hiyo, na njaa nyingine zilizofuata, ziliwapeleka wengi mijini kuomba, na Mgogo akawa mtu wa kuchekwa. Tena katika miaka ya 1960 Nyerere akamwita Dar es Salaam kijana mmoja wa Doboma, Hukwe Zawose, mwenye zeze na ilimba. Kijana yule, aliyezaliwa mwaka 1938, akawa mwalimu wa muziki Bagamoyo, akapiga muziki wa Kigogo katika nchi za mbali hata alipofariki mwaka 2003. Kiongozi aliyemwita hakumpa Mgogo debe la mtama. Alimpa sikio. Na tangu hapo mtoto wa Kigogo alipochekwa njiani alikuwa na jibu. Atakayesema kwamba jambo hilo halina thamani, na aulize kama yeye mwenyewe amepata kuchekwa.

Hata hapa tumesema upande wa fahali. Yatupasa sasa kusema upande wa zizi lililovunjwa naye, nao pia twaufahamu.

Hatwendi mbali. Kongwa ni jirani yetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza huko kazi ya kulima karanga, na nia yake ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Watu wa Uingereza walikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, lakini pamoja na haja hiyo palikuwa na tamaa ya kuonyesha ulimwengu jambo kubwa lisilopata kuonekana. Matrekta yakaja, mengine yakaharibika. Vichaka vikakataa kung'oka. Udongo ukikauka wawa mgumu kama saruji. Na mvua, ambayo mzee yeyote wa Ugogo angeweza kuwaambia kwamba haina ahadi, haikuja kama ilivyoandikwa katika makaratasi. Mwaka 1951 kazi ikaachwa, na paundi milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Kosa halikuwa kutaka jambo kubwa. Jambo likiisha kutangazwa kwa fahari, aliye chini huogopa kupeleka juu habari mbaya, na aliye juu huogopa kuipokea. Wenzetu makarani, ninyi mwajua jinsi taarifa inavyoweza kupambwa kila ipandapo ngazi moja.

Upande wa magharibi, Mobutu Sese Seko aliita nchi ya Kongo Zaire mwaka 1971, akawaamuru watu waache majina ya kigeni na mavazi ya kigeni. Wengi walifurahi kwanza, nao walikuwa na sababu, kwa kuwa Ubelgiji uliwadhalilisha sana. Mwaka 1974 akawaleta Kinshasa Muhammad Ali na George Foreman wapigane ngumi, na kila mmoja aliahidiwa dola milioni 5. Ulimwengu wote ulitazama. Lakini alipoondolewa mwaka 1997, barabara zilikuwa zimemezwa na msitu na mshahara wa mwalimu ulikuwa haununui chakula. Watu walipewa fahari badala ya vitu, kama mtoto aimbiwaye wimbo ili asahau kwamba hakula.

Na mwaka 1972 huko Uganda, Idi Amin aliwapa watu wa asili ya Asia siku 90 waondoke. Wengi walishangilia, wakaona kwamba sasa wao ndio wenye nchi. Maduka yakagawiwa, na baada ya muda mfupi sukari na sabuni zikaadimika. Fahari ile ilihitaji mtu wa kudharauliwa, na mtu wa kwanza alipokwisha kuondoka ikatafuta mwingine. Mwaka 1978 ilivuka mpaka wa Kagera, nasi tukalipa kwa damu na kwa mali.

Tukisema habari za wengine, haki yatutaka tuseme na habari zetu. Mwaka 1971, katika kazi iliyoitwa Operesheni Dodoma, Mwalimu Nyerere alikuja kukaa Chamwino, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Rais wa nchi kuchafua mikono yake kwa udongo lilikuwa jambo la kuwatia watu fahari ya kweli, kwa kuwa lilisema kwamba kazi ya mikono si aibu. Lakini kabla ya miaka mingi, katika kuhamisha watu vijijini kote nchini, wako waliohamishwa kwa nguvu na nyumba zao zikabomolewa au kuchomwa moto. Kiongozi yule yule, nia ile ile, na wilaya hii hii ilikuwa katika habari hiyo. Basi tusidhani kwamba fahari njema hukaa njema siku zote bila kuangaliwa. Aliyeshika tofali kwa hiari leo, kesho aweza kulazimishwa kulishika kwa jina la fahari aliyoonja jana.

Katika mifano hii sisi twapata mizani mitatu, nasi twaileta mbele yenu mwipime.

Kwanza, je, jambo tunaloonea fahari limefanywa na watu wenyewe, ama wameonyeshwa tu? Makarani wa Tanga walisoma wao wenyewe. Zawose alipiga zeze kwa vidole vyake. Lakini karanga za Kongwa wenyeji walizitazama, na ngumi za Kinshasa walizitazama. Mtu huona fahari ya kudumu juu ya jambo ambalo jasho lake limo ndani.

Pili, je, yawezekana kusema kasoro ya jambo hilo bila kuitwa adui? Mtu apendaye shamba lake huzunguka akitafuta panya. Yule akatazaye watu kutaja panya, huyo hapendi shamba, apenda sifa ya kuwa na shamba.

Tatu, je, fahari hiyo yaweza kusimama bila kumdharau mtu mwingine? Ikiwa haiwezi, hiyo ni kiburi kilichovaa kanzu ya fahari. Tena hapa Kongwa yenyewe yatupa mfano wa kutuliza moyo, kwa kuwa tangu miaka ya 1960 pale pale palipoharibika karanga palikaa wapigania uhuru wa Msumbiji, wa Afrika Kusini na wa Namibia. Kuwapa wageni mahali pa kulala ilhali wewe mwenyewe hujashiba, hiyo ni fahari isiyomdharau mtu.

Sasa mtatuuliza, haya yatuhusu nini sisi wa mihuri na majalada? Yatuhusu sana. Tangu Ikulu mpya ya Chamwino ilipofunguliwa tarehe 20 Mei 2023, kazi iliyokusudiwa tangu uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu Dodoma imeonekana kwa macho. Ni haki ya wenyeji wa hapa kuona fahari. Lakini mama atokaye kijijini haingii Ikulu. Yeye huja dirishani petu. Kwake yeye Serikali ni uso wa karani.

Twaomba ruhusa tukiri jambo moja. Katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, siku moja watumishi wote waliamriwa kwenda kusimama kando ya barabara kumpokea mgeni mkubwa, wapunge bendera ndogo. Sisi tuliosema nanyi leo tulikuwamo. Mgeni alichelewa kwa saa nne. Tuliporudi, tulimkuta bibi mmoja ameketi chini ya mti wa mkungugu, mjukuu mgonjwa mgongoni. Alikuwa ametembea tangu alfajiri kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto yule, na ile ilikuwa mara yake ya tatu. Saa za kazi zilikuwa zimekwisha. Mmoja wetu akamwambia, "Bibi, rudi Jumatatu." Bibi hakukasirika. Alisema tu, "Haya, wanangu. Nimeziona bendera zenu zikipita, ni nzuri." Hakusema kwa dhihaka, na hilo ndilo lililotuchoma zaidi. Jumatatu hakuja, wala wiki iliyofuata, nasi mpaka leo hatujui habari zake.

Ndugu wanachama, bendera zile hazikuwa mbaya, na mgeni alistahili heshima. Lakini siku ile tulimpeleka fahali uwanjani, tukamwacha ng'ombe wa maziwa hajakamuliwa na mtoto analia. Kiongozi atakaye kuwatia watu fahari atafanikiwa ikiwa sisi wa dirishani twafanya kazi yetu. Na akitoa hotuba tamu namna gani, ataharibikiwa ikiwa bibi yule aambiwa arudi Jumatatu.

Basi jibu letu kwa swali la Halmashauri ni hili. Naam, yafaa kiongozi kuwatia watu fahari, kwa kuwa watu waliovunjika moyo hawajengi wala hawadai haki yao. Lakini fahari isiwe malipo ya kazi isiyofanywa. Na ifuate kazi kama moshi ufuatavyo moto. Amwonaye jirani moshi ajua kwamba kwake panapikwa, lakini hapana aliyepata kushiba moshi.

Na juu ya akiba ya Chama, twaleta shauri hili mlipigie kura. Fedha zote zinunue karatasi za nukta kwa shule ya hapa Buigiri. Siku ya sikukuu sisi tupite mbele ya wageni kwa nguo zetu za kazi, zimefuliwa na kupigwa pasi, na ngoma tuazime kwa vijana wa kijiji, ambao wapiga vizuri kupita sisi. Kisha, kama walimu wakikubali na mwanafunzi mwenyewe akipenda, mtoto mmoja asimame asome kwa vidole vyake habari za mji wake, kutoka katika karatasi zile. Hapo walio upande wa fahari watapata fahari yao, na walio upande wa karatasi watapata karatasi zao. Na wale ndugu wawili waliotoka bila kuagana, tumewaona wameketi benchi moja jioni hii. Twawaomba watoke pamoja.

Tumesema. Penye kosa mtusahihishe, maana hiyo nayo ni mizani ya pili.